Marekani, Uingereza au Afrika Kusini? Njia tatu za kukipa kitabu cha waringi nguvu ya sheria, zikipimwa Dodoma

Mchoro wa zahanati iliyojengwa kwa fedha za mfadhili unasema waringi ufuate NEC, kitabu cha waringi cha Marekani. Mhandisi mshauri aliyekuzwa na vitabu vya Uingereza anaandika BS 7671. Mkandarasi aliyezoea kazi za migodini anakuja na SANS 10142 ya Afrika Kusini. Wote watatu wanaweza kukutana kwenye kiwanja kimoja pale Iyumbu au Nzuguni, kila mmoja akiapa kwamba chake ndicho "kanuni". Tangu serikali ianze kuhamia Dodoma mwaka 2016, na mji kutangazwa jiji Aprili 2018, ujenzi umeongezeka na mabishano haya nayo yameongezeka.

Hakuna kitabu kati ya hivyo ambacho ni sheria kwa sababu tu kimechapishwa. Vitabu vya waringi huandikwa na kamati za wataalamu. Vinageuka amri pale bunge, waziri, mdhibiti au halmashauri inapovitaja katika maandishi yake yenyewe, na namna vinavyotajwa ndiyo inayoamua nani atakuja kugonga geti lako, atakuja lini, na akikuta kosa atakufanya nini.

Kuna watu wanaolazimika kuchagua. Yupo anayeandika mkataba wa waringi wa hosteli na lazima ataje kitabu fulani. Yupo mjumbe wa kamati au kiongozi wa chama cha mafundi aliyeombwa kutoa maoni ya namna ukaguzi uboreshwe. Yupo pia anayenunua nyumba iliyokwisha jengwa na hajui amwombe muuzaji karatasi gani. Hao ndio ninaowaandikia.

Tunapima kwa maswali gani

Kila njia nitaiuliza maswali yaleyale. Nani anaandika kitabu, na je, mtu wa kawaida anaweza kukisoma bila kukinunua? Kinaingiaje kwenye sheria, na ni toleo lipi? Nani anakagua, na anakuja saa ngapi: kabla ya plasta, kabla ya umeme kuwashwa, au nyumba inapouzwa? Ikiungua, nani anabanwa? Na mfumo huo unadai nchi iwe na nini ili usigeuke maandishi matupu, yaani unamfaa nani?

Mimi naliwekea swali la ukaguzi uzito kuliko mengine yote. Waringi ni kazi inayofichwa. Paipu zikishalala ukutani na fundi plasta akapita, hata mkaguzi aliyebobea anabaki kufungua boksi za swichi na kupima kwa mita. Hawezi kuona kiungo cha waya kilichofungwa kwa nailoni katikati ya ukuta.

Tulipo sisi

Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Umeme ya mwaka 2008 ndiyo sheria mama. EWURA, mdhibiti wa nishati na maji mwenye makao makuu hapahapa Dodoma, hutoa leseni za kazi za mifumo ya umeme kwa madaraja, na daraja lako ndilo linalosema kazi ya ukubwa gani unaruhusiwa kuigusa. TBS, shirika la viwango, huweka viwango vya nyaya, swichi na soketi. TANESCO huunganisha, na ombi la umeme hudai mchoro wa waringi uliothibitishwa na mkandarasi mwenye leseni. Jengo likiwa mahali pa kazi, OSHA, wakala wa usalama na afya kazini, nao wanaingia kwa sheria yao ya mwaka 2003, na Zimamoto kwa ya kwao ya mwaka 2007. Kibali cha ujenzi kinatoka Halmashauri ya Jiji. (Zanzibar wana mdhibiti wao, ZURA, na shirika lao la umeme, ZECO, kwa hiyo ninayosema yanaishia Bara.)

Milango ni mingi. Lakini ukiuliza nani anaziona nyaya kabla ya plasta kwenye nyumba ya kawaida ya vyumba vitatu, mara nyingi jibu ni fundi mwenyewe. Mlango wetu wenye nguvu ni ule wa kuunganishiwa, na aliyewahi kujenga anajua ulivyo na upenyo: fundi wa mtaani anafanya kazi yote, halafu mwishoni unatafutwa mhuri wa mwenye leseni, pengine wa mtu ambaye hajakanyaga kiwanja. Kisheria, aliyegonga mhuri ndiye aliyesema kazi iko sawa. Kiuhalisia hajui hata DB, boksi la kugawia umeme, iko chumba gani.

Upenyo huo ndio ninaoupimia njia zote tatu.

Njia ya kwanza: Marekani, ambako mji unamiliki ukaguzi

*Kitabu na wasomaji wake.* National Electrical Code, au NEC, ilitoka mara ya kwanza mwaka 1897. Tangu 1911 iko mikononi mwa NFPA, shirika binafsi la kinga ya moto lenye makao Quincy, Massachusetts, nalo hutoa toleo jipya kila baada ya miaka 3. Serikali ya Washington haiandiki kitabu hiki. Hapo ndipo palipozuka kesi ya kuvutia: kama shirika binafsi lina hakimiliki ya maandishi, na maandishi yamekuwa sheria, raia anaruhusiwa kuyachapisha? Mwaka 2002 mahakama ya rufaa ya mzunguko wa tano, katika shauri la kanuni za ujenzi za miji miwili midogo ya Texas, ilisema kanuni ikishapitishwa inaweza kunakiliwa kama sheria. Mwaka 2023 mahakama nyingine ya rufaa, ya Washington, ikaruhusu viwango vilivyotajwa na sheria kuwekwa mtandaoni bila biashara. NFPA yenyewe inaruhusu mtu kusoma NEC mtandaoni bila kulipia.

*Kuingia kwenye sheria.* Kila jimbo lina uamuzi wake. Massachusetts hukichukua kitabu kwa jimbo zima na kukiongezea marekebisho yake. Missouri na Arizona huachia miji na kaunti. Chicago ina masharti yake, likiwemo lile maarufu la kupitisha waya ndani ya paipu ya chuma hata kwenye nyumba za kuishi. Mara nyingi sheria hutaja toleo kwa mwaka wake, kwa sababu nzuri ya kikatiba: chombo kilichochaguliwa na wananchi kikisema "na marekebisho yote yatakayokuja", kimelikabidhi shirika binafsi kalamu ya kuandika sheria za kesho. Gharama yake ni kwamba majimbo mawili jirani yanaweza kuwa yanatumia matoleo mawili tofauti siku ileile.

*Ukaguzi.* Hapa Wamarekani wametuzidi wote. Unaomba kibali cha waringi mjini na kulipia. Mkaguzi wa mji anakuja mara ya kwanza nyaya zikiwa uchi, kuta hazijafunikwa. Anakuja tena kazi ikiisha. Ndipo kampuni ya umeme inapowasha. Kifungu cha 90.4 cha kitabu kinampa mwenye mamlaka huyo haki ya kutafsiri vifungu na kuidhinisha vifaa, kwa hiyo hubishani naye kwa kusoma aya kwa sauti.

*Ikiharibika.* Mkaguzi anaweza kusimamisha kazi, akaamuru ukuta uliofunikwa mapema ufunguliwe, au jengo likakosa ruhusa ya kukaliwa. Fundi ana hatari ya kupoteza leseni. Mji, kwa kawaida, haubebi lawama ya kila kiungo kilichoungua.

*Inamfaa nani.* Inahitaji wakaguzi wanaolipwa mshahara, wenye usafiri, na wa kutosha kufika kiwanjani siku uliyoita, la sivyo fundi plasta hatasubiri. Kwa jiji lenye makusanyo, inawezekana. Lakini ukiifuata kwa ukamilifu wake, Bahi itakuwa na toleo lake na Chamwino lake, na fundi anayefanya kazi pande zote mbili atachanganyikiwa. Yaliyomo kitabuni nayo hayahamishiki hivihivi: NEC imejengwa juu ya volti 120 na 240 kwa hezi 60, na ukubwa wa waya unahesabiwa kwa namba zao. Sisi tuna volti 230 na 400, hezi 50, na dukani unaomba waya wa milimita moja na nusu au mbili na nusu.

Njia ya pili: Uingereza, ambako sheria inataja lengo

*Kitabu na wasomaji wake.* Waingereza walianza mapema; kanuni zao za kwanza za kuzuia moto utokanao na taa za umeme ni za mwaka 1882. Leo kitabu kinaitwa BS 7671, toleo la 18, la mwaka 2018 na marekebisho yaliyofuata. Kinaandaliwa na IET, chama cha wahandisi, pamoja na shirika la viwango la huko. Kinauzwa, tena si bei ya kitabu cha hadithi. Muundo wake unafuata IEC 60364, kiwango cha kimataifa, na ndiyo maana lugha yake inaeleweka kirahisi kwa fundi wa hapa, ambaye soketi zake ni zilezile za pini tatu za mstatili.

*Kuingia kwenye sheria.* Hapa wengi hujikwaa. BS 7671 chenyewe kinasema si sheria. Sheria ni kanuni za umeme kazini za mwaka 1989, ambazo hazikuambii utumie waya gani. Zinakutaka uzuie hatari. Ukifikishwa mahakamani, kuonyesha kwamba ulifuata BS 7671 ni ushahidi mzito kwamba ulitimiza wajibu. Kwa nyumba za kuishi, England ilileta Sehemu P ya kanuni za ujenzi kuanzia Januari 2005, nayo inadai tahadhari ya kuridhisha ichukuliwe bila kuamuru kitabu. Uzuri wake ni kwamba kitabu kinaweza kubadilishwa bila bunge kuitishwa. Ubaya wake ni kwamba mwenye nyumba akiuliza "je, hili ni lazima?", wakili anaanza kwa kusema "inategemea".

Hata hivyo nao wakitaka kubana, wanabana. Kanuni za mwaka 2020 za nyumba za kupanga England zinalitaja toleo la 18 kwa jina na kumtaka mwenye nyumba apimishe waringi angalau kila baada ya miaka 5. Wenye hosteli wa jirani na chuo kikuu cha UDOM wangeisoma kanuni hiyo kwa makini.

Suala la toleo si la wasomi peke yao. Uingereza ilibadili rangi za nyaya: rangi mpya ziliruhusiwa mwaka 2004 na kulazimishwa kuanzia Aprili 2006. Zamani waya wa moto ulikuwa mwekundu na nyutro nyeusi. Sasa moto ni kahawia na nyutro ni bluu. Kwenye umeme wa fezi tatu mambo yanatisha zaidi: bluu iliyokuwa fezi sasa ni nyutro, na nyeusi iliyokuwa nyutro sasa ni fezi. Maduka yetu ya vifaa vya umeme yamekuwa yakiuza rangi za aina zote mbili. Fungua DB ya nyumba iliyojengwa zamani kisha ikaongezwa vyumba vya uani: utakuta nyaya nyeusi mbili zimekaa jirani, moja nyutro ya fundi wa kwanza, nyingine fezi ya fundi wa pili. Mkataba unaosema tu "rangi za Kiingereza" haujamsaidia atakayefungua boksi hilo baada ya miaka kumi.

*Ukaguzi.* Fundi aliyejiunga na mpango uliosajiliwa, kama NICEIC au NAPIT, anajithibitishia kazi yake mwenyewe na kutoa cheti chenye vipimo. Mpango unamkagua yeye kwa sampuli. Asiyejiunga anapitia kwa wadhibiti wa ujenzi. Hakuna mtu wa mji anayekuja kila nyumba kabla ya plasta.

*Ikiharibika.* Kazini, inaweza kuwa kesi ya jinai, na utetezi ni kuonyesha kwamba ulichukua kila hatua ya kuridhisha. Fundi wa mpango anaweza kufutwa, na kufutwa huko kunamkosesha kazi.

*Inamfaa nani.* Nchi yenye mafundi wengi walio ndani ya mipango yenye meno, na mahakama zinazofikika. Hapa kwetu mfumo huu ukija bila ile sampuli ya kumkagua fundi, unabaki mhuri tu, nao mihuri hatujawahi kuikosa.

Njia ya tatu: Afrika Kusini, ambako cheti kinaifuata nyumba

*Kitabu na wasomaji wake.* SANS 10142-1 inatoka kwa shirika la viwango la taifa, SABS, na inauzwa. Nayo ina undugu na viwango vya kimataifa.

*Kuingia kwenye sheria.* Hii ndiyo njia iliyonyooka kuliko zote. Sheria yao ya afya na usalama kazini, namba 85 ya mwaka 1993, inampa waziri ruhusa ya kuingiza kiwango ndani ya kanuni kwa tangazo gazetini, bila kunakili maneno yake, kwa kutaja tu namba, jina na mwaka. Kanuni za mifumo ya umeme za mwaka 2009 zikakifanya kitabu cha waringi kuwa lazima. Hakuna "inategemea" hapo. Anayeandika sheria Dodoma ataitambua njia hii haraka, maana inafanana na utaratibu wetu wa Tangazo la Serikali: sheria mama inatoa mamlaka, waziri au mdhibiti anatangaza, na kanuni inaanza kubana.

*Ukaguzi.* Mtu aliyesajiliwa, kati ya ngazi tatu kuanzia mpimaji wa fezi moja hadi fundi mkuu wa maeneo hatarishi, anapima na kutoa cheti cha ulinganifu pamoja na ripoti ya vipimo. Kila mtumiaji au mpangishaji anapaswa kuwa na cheti halali. Nyumba ikibadilisha mmiliki, cheti kisiwe na umri wa zaidi ya miaka 2. Kwa nyumba za zamani walikuwa wapole: zilizokuwepo kabla ya 23 Oktoba 1992, na ambazo hazijabadilisha mmiliki baada ya 1 Machi 1994, ziliachwa. Mtego wa kuuza ni wa kijanja. Serikali haihitaji jeshi la wakaguzi, kwa sababu mnunuzi na wakili wake ndio wanaoidai karatasi, na mwenye fedha mkononi hudai kwa sauti kuliko mkaguzi yeyote.

*Ikiharibika.* Aliyesaini anajulikana kwa jina na namba. Ukibisha cheti chake, unaweza kuita chombo cha ukaguzi kilichoidhinishwa kije kuamua. Wizara ya kazi ndiyo yenye rungu.

*Inamfaa nani.* Nchi ambako nyumba zinauzwa kupitia wanasheria na hati. Ambako kiwanja kinahama kwa karatasi ya serikali ya mtaa na mashahidi wawili, mtego wa kuuza haumnasi mtu. Tena cheti kinaweza kununuliwa kama mhuri unavyokodishwa. Tofauti ni kwamba ripoti ya vipimo lazima ijazwe namba, na namba za uongo huonekana pale mwingine anapokuja na mita yake.

Wafaransa nawataja kwa haraka kwa sababu wanafanana nasi. Kwa amri ya mwaka 1972, umeme hauwashwi kwenye jengo jipya bila hati ya Consuel, chombo cha usalama wa waringi, inayothibitisha kwamba waringi umetimiza masharti. Mlango ni uleule wetu wa kuunganishiwa, ila mlinzi wake ni chombo kingine, si fundi wala kampuni ya umeme.

Jaribio moja: erthi ya Dodoma

Maneno ya sheria hupimwa vizuri yakigusana na udongo. Dodoma ni nusu jangwa. Mvua ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili hivi, na kuna sehemu ukichimba kidogo tu unagonga mwamba. Erthi rodi, yaani fimbo ya chuma inayoupeleka umeme wa hitilafu ardhini, ikipigwa hapa Machi, ardhi ikiwa na unyevu, ukiipima Oktoba inatoa usomaji mkubwa zaidi, pengine kwa mbali sana. Nyumba haijabadilika, fundi hajakosea. Udongo umekauka tu.

NEC inasema rodi moja ikishindwa kufikia omu 25, ongeza ya pili, basi. Mafundi wengi wa huko hupiga mbili moja kwa moja na kuokoa muda wa kupima. Kwao haina madhara makubwa, kwa kuwa hitilafu inarudi kupitia nyutro iliyofungwa na erthi pale kwenye meni swichi. Ukiileta sheria hiyo kwenye nyumba inayotegemea rodi yake yenyewe, rodi mbili ndani ya mwamba mkavu hazimlindi mtu.

BS 7671 inakwenda kwa hesabu: nyumba inayotegemea rodi iwe na RCD, swichi inayokata umeme unapovuja, na upinzani wa erthi ukizidishwa kwa mkondo unaoikatisha RCD usivuke volti 50. Kwa RCD ya miliampea 30, ukigawanya 50 kwa 0.03 unapata omu 1,667. Kitabu hichohicho kinatahadharisha kwamba ukivuka omu 200 usomaji unaweza usitulie, na hilo la kutotulia ndilo hasa tatizo la Dodoma. Cheti chao kina nafasi ya kuandika namba hiyo. Ripoti ya Afrika Kusini nayo inadai vipimo viandikwe, na tarehe.

Tarehe hiyo naipenda. Cheti cha Machi na cha Oktoba ni vitu viwili. Kama ningepewa nafasi ya kuongeza sentensi moja kwenye kanuni zetu, ningetaka mikoa ya kanda ya kati ipime erthi kiangazi.

Kulingana na hali yako

*Unajenga hosteli au nyumba za kupanga.* Huhitaji kungoja sheria ibadilike. Mkataba ni sheria ya watu wawili. Anza kwa kuweka sheria za Tanzania na viwango vya TBS juu, kisha taja BS 7671 kwa toleo na mwaka, au IEC 60364 kama mhandisi wako anaipendelea. Mkandarasi mwenye leseni aingie siku ya kwanza, siyo siku ya mhuri. Halafu waibie Wamarekani ratiba yao: gawa malipo ili sehemu moja itoke baada ya mtu mwingine, aliye huru na mkandarasi, kuona paipu na nyaya kabla ya plasta, na sehemu ya mwisho baada ya ripoti ya vipimo. Piga picha za kuta zikiwa wazi, kila chumba, na rula ionekane. Mpangaji akitoboa ukuta baada ya miaka mitatu, utajua waya umepita wapi.

*Umepokea mchoro wa mfadhili wenye NEC.* Usiukatae na usiufuate neno kwa neno. Mhandisi aliyesajiliwa na ERB, bodi ya wahandisi, aubadilishe kwa volti na vifaa vya hapa huku akilinda kusudi la kila kipengele, na mfadhili akubali kwa maandishi. Hakikisha hakuna kifaa cha volti 120 kwenye orodha ya manunuzi kabla kontena halijaondoka bandarini huko kwao.

*Uko kwenye kamati, chama cha mafundi au ofisi inayoandaa maoni.* Halmashauri kutunga kitabu chake cha waringi ni kujitafutia matatizo. Mambo ya kiufundi yana mdhibiti wa taifa, na sheria ndogo nazo zinahitaji idhini ya waziri. Lakini kibali cha ujenzi kiko mikononi mwa Jiji, na sharti la ukaguzi wa hatua ya kabla ya plasta linaweza kujadiliwa pale, kwa kuanzia na majengo wanamolala wengi: hosteli, mabweni, nyumba za wageni. Kama hoja yako ni ya ngazi ya taifa, njia ya Afrika Kusini ndiyo nyepesi kuandikika, maana Tangazo la Serikali tunalijua. Dai kitabu kitajwe kwa mwaka na toleo. Na dai kisomeke bila malipo, angalau kwenye maktaba za VETA na ofisi za halmashauri; fundi wa Kibaigwa hawezi kutii kitabu ambacho bei yake ni ya kazi ya wiki nzima.

*Ni fundi kijana unayetaka kujua usome kipi.* BS 7671 au IEC 60364, kwa sababu vifaa vilivyo dukani vinazungumza lugha hiyo. Ukishika mantiki ya RCD na erthi humo, SANS utaisoma bila mwalimu. NEC isome ukipata kazi ya mradi wa Kimarekani.

*Unanunua nyumba iliyokwisha jengwa.* Usitegemee kwamba muuzaji atakuletea cheti kama cha Afrika Kusini. Kidai wewe: kabla ya kulipa awamu ya mwisho kwa mwanasheria, mlipe mwenye leseni ambaye hakuijenga nyumba hiyo aje afungue DB, ajaribu RCD kama ipo, apime erthi, na aandike namba na tarehe. Kama RCD haipo, gharama yake ikatwe kwenye bei. Na kama upimaji umeangukia Machi, weka kwenye makubaliano kwamba erthi itapimwa tena kiangazi kwa gharama ya muuzaji, au punguzo lifanyike sasa.